Juma Fupi la Kazi: Nani Atafaidika na Nani Atalipa?

Suala la kupunguza siku au saa za kazi katika juma limekuwa likijadiliwa kwa bidii katika nchi nyingi, hasa tangu ugonjwa wa Korona ulipovuruga desturi za ofisi na viwanda kuanzia mwaka 2020. Wako wanaodai kwamba siku nne za kazi zatosha, na kwamba mfanyakazi aliyepumzika hutimiza katika siku hizo yale aliyokuwa akiyatimiza kwa siku tano. Wako pia wanaojibu kwamba huo ni uvivu uliovishwa joho la elimu, na kwamba nchi changa haiwezi kujengwa na watu wanaotafuta mapumziko kabla ya kutafuta mazao. Pande zote mbili hupenda kunena kana kwamba kazi zote ni za namna moja. Wilaya ya Kasese, iliyo chini ya milima ya Rwenzori katika magharibi ya Uganda, yatosha kuonyesha kwamba sivyo.

Katika wilaya hiyo moja kuna kiwanda cha saruji cha Hima, ambacho tanuru lake haliwezi kuzimwa kila jioni na kuwashwa kila asubuhi. Kuna Kilembe, ambako shaba ilichimbwa kuanzia mwaka 1956, mwaka ule ule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese, hadi uchimbaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuna ziwa la Katwe, ambako chumvi huvunwa kwa mikono chini ya jua kali. Kuna wakulima wa kahawa milimani na wa pamba katika nchi tambarare. Kuna ofisi za serikali mjini, ambazo hufungwa Jumamosi na Jumapili. Na kusini-magharibi, katika Bwera, kuna mpaka wa Mpondwe, ambako watu na mizigo huvuka kwenda na kutoka Kasindi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ambako askari hana budi kuwapo wakati wote. Anayeuliza kama juma fupi la kazi lina faida yampasa kwanza aseme anazungumza juu ya kazi gani kati ya hizo.

Yafaa kuanza na sheria. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake wa kwanza kabisa, lilikubali kwamba kazi ya viwandani isizidi saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma. Mwaka 1935 shirika hilo hilo lilipitisha mkataba mwingine uliotaja saa 40. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 ilifuata kipimo cha zamani: saa 48 kwa juma. Sheria hiyo huruhusu mwajiri na mfanyakazi kukubaliana kuzidisha, lakini si kupita saa 10 kwa siku wala saa 56 kwa juma. Na kazi ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, au mara mbili ikiwa ni sikukuu ya taifa. Tena hakuna mfanyakazi anayeweza kulazimishwa kufanya kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila kupewa siku nzima ya kupumzika. Mwanajeshi hayumo katika sheria hiyo, isipokuwa raia walioajiriwa na jeshi. Yeye huongozwa na amri na nidhamu ya jeshi lake.

Nchi jirani zina vipimo vyao. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 2004, iliweka saa 45. Kongo nayo iliweka saa 45 katika sheria yake ya kazi ya mwaka 2002. Rwanda ilikwenda mbele zaidi, na tangu Januari 2023 watumishi wake huanza kazi rasmi saa 3 asubuhi na kumaliza saa 11 jioni, katika juma la saa 40. Kwa hiyo kibarua wa Bwera na kibarua wa Kasindi, wanaotenganishwa na mto Lubiriha tu, wako chini ya sheria zinazohitilafiana kwa saa 3 kila juma. Tena hata saa zao za ukutani hazilingani, kwa maana Kongo ya mashariki iko nyuma ya Uganda kwa saa moja: ofisi ya Mpondwe inapofunguliwa saa 2 asubuhi, ng'ambo ya daraja bado ni saa 1. Jambo hilo dogo lakumbusha kwamba saa ya kazi ni mapatano ya wanadamu, wala si amri ya jua, na kilichowekwa kwa mapatano chaweza kubadilishwa kwa mapatano.

Je, yaweza kuwa kweli kwamba saa chache huleta kazi nyingi? Ushahidi wa kwanza mkubwa haukutoka kwa watu wapendao starehe, bali ulitoka vitani. Katika vita kuu ya kwanza ya dunia Uingereza ilihitaji risasi na mizinga kwa wingi, na viwanda vya silaha viliwafanyisha watu kazi kwa saa nyingi mno, hata siku za Jumapili. Mwaka 1915 serikali iliunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi hao. Kumbukumbu zilizokusanywa wakati huo zilichambuliwa upya na mtaalamu wa uchumi John Pencavel, aliyetoa matokeo yake mwaka 2014. Alionyesha kwamba hadi karibu saa 49 kwa juma, kila saa iliyoongezwa ilileta mazao yanayolingana nayo. Kupita hapo, kila saa iliyoongezwa ilileta mazao machache kuliko iliyotangulia. Fundisho lake ni la wazi. Nchi iliyokuwa ikipigania uhai wake iligundua kwamba mfanyakazi aliyechoka hutumia chuma, umeme na muda, lakini kazi haitoki.

Ushahidi wa pili ulitoka kwa mwajiri aliyehesabu faida yake kwa makini. Mwezi Januari 1914 Henry Ford, mwenye viwanda vya magari Marekani, alipunguza siku ya kazi kutoka saa 9 hadi 8 na kupandisha ujira hadi dola 5 kwa siku. Hakufanya hivyo kwa huruma peke yake. Wafanyakazi walikuwa wakiacha kazi kwa wingi, na kila anayeingia upya ilibidi afundishwe. Zaidi ya hayo, zamu mbili za saa 9 humwacha mtambo umelala saa 6 kila siku, ambapo zamu tatu za saa 8 humfanya mtambo asilale kabisa. Mwaka 1926 Ford aliweka juma la siku tano. Hivyo basi, mahali penye mitambo ya thamani kubwa, mtu kufanya kazi saa chache si lazima kumaanishe mtambo kufanya kazi saa chache. Jambo hilo lawahusu waendeshaji wa kiwanda kama cha Hima kuliko hotuba nyingi zinazotolewa juu ya bidii.

Katika miaka ya karibuni majaribio yamefanywa hasa katika kazi za ofisi. Nchini Iceland, kati ya mwaka 2015 na 2019, watumishi wa umma wapatao 2,500 walipunguziwa kazi kutoka saa 40 hadi saa 35 au 36 kwa juma bila kupunguziwa mshahara. Miongoni mwa sehemu zilizojaribiwa ilikuwamo polisi ya jimbo la Westfjords. Huduma hazikuharibika, na mahali pengine zilikuwa bora zaidi. Uingereza nayo ilifanya jaribio la siku nne mwaka 2022 katika makampuni 61. Jaribio lilipokwisha, makampuni 56 yaliamua kuendelea. Siri ya mafanikio hayo haikuwa kukimbia. Walifupisha mikutano, wakaondoa fomu zisizo na kazi, wakapanga nani afanye nini na kwa wakati gani. Kwa maneno mengine, walikata muda uliokuwa ukipotea, wala si muda uliokuwa ukizalisha. Ofisi yoyote ya wilaya ambamo mwananchi huambiwa arudi kesho kwa sababu mwenye muhuri hayupo ina muda wa namna hiyo wa kukatwa.

Lakini haifai kuyachukua majaribio hayo na kuyabandika juu ya kila kazi. Makampuni yaliyoingia katika jaribio la Uingereza yaliingia kwa hiari, na mengi yalikuwa ya kazi za kalamu na mashine za kompyuta. Katika Iceland yenyewe, huko kwenye kazi za zamu kama hospitali, serikali ilibidi iongeze watumishi na fedha, kwa sababu mgonjwa hawezi kuambiwa aumwe kwa siku nne tu. Palipo na muda unaopotea, juma fupi halina gharama kubwa. Pale ambapo kila saa ina kazi yake, mtu hana budi kuulizwa: nani atazijaza saa zilizoachwa?

Hesabu yenyewe si ngumu. Mfanyakazi anayetoka saa 48 kwenda saa 40 yampasa aongeze kazi ya kila saa kwa sehemu moja katika tano ili mazao ya juma yabaki yale yale. Karani aweza kufika hapo kwa kupanga kazi yake vizuri. Mwendesha tanuru la saruji hawezi kuliharakisha tanuru kwa sehemu moja katika tano, kwani moto na mawe ya chokaa vina mwendo wao. Kwake faida ya saa chache itaonekana kwingine: katika ajali zisizotokea, katika mashine zisizoharibiwa kwa usingizi, na katika mafundi wenye ujuzi wasioihama kazi. Mwajiri anayetazama mshahara wa juma peke yake hatayaona hayo. Atakayefungua daftari la ajali na la matengenezo atayaona.

Hali ngumu kuliko zote ni ya kibarua. Katika Katwe chumvi hupatikana kwa njia mbili: maji ya ziwa huachwa yakauke katika vibwawa vilivyochimbwa kando ya ziwa, au watu huingia majini na kukata mwamba wa chumvi ulio chini. Anayesimama katika maji yale makali huungua ngozi, na hakuna awezaye kukaa humo saa nyingi bila kudhurika. Kwa afya yake, yeye ndiye anayestahili kupunguziwa kazi kabla ya karani yeyote. Lakini yeye hulipwa kwa kile alichotoa, na mvua ikinyesha chumvi haikauki wala hapati kitu. Ukimwambia apumzike siku mbili zaidi katika juma la kiangazi, umemnyang'anya siku mbili za chakula.

Ichukuliwe mfano kibarua wa shamba anayelipwa shilingi 10,000 kwa siku kwa siku sita. Juma lake ni shilingi 60,000. Juma likifupishwa kuwa siku tano bila kugusa kiwango cha siku, hupokea 50,000, naye amepoteza sehemu moja katika sita ya riziki yake. Ili asipoteze, kiwango cha siku hakina budi kupanda hadi 12,000. Je, ni nani atakayemlazimisha mwajiri kukipandisha? Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na thamani yake ilikwisha kuyeyuka zamani. Mahali ambapo hakuna kima cha chini chenye maana, kufupisha juma bila kulinda ujira ni kumpa maskini mapumziko ambayo yeye mwenyewe atayalipia. Tena ataitumia siku hiyo kutafuta kibarua kingine, na mwisho wa juma atakuwa amechoka vile vile.

Mfanyabiashara mdogo wa Bwera naye hana mwajiri wa kumpunguzia saa. Juma lake limekatwa na gulio la Mpondwe, ambalo siku zake kuu ni Jumanne na Ijumaa, wakati maelfu ya watu wanapovuka mpaka. Siku hizo mbili humpatia sehemu kubwa ya mapato yake ya juma zima. Mwezi Juni 2019, ugonjwa wa Ebola ulipothibitishwa kwa mtoto aliyetoka Kongo na kufikishwa Bwera, siku za gulio katika wilaya zilisimamishwa kwa muda ili kuzuia maambukizo. Hatua ile ilikuwa ya lazima kwa usalama wa watu. Hata hivyo ilionyesha wazi kwamba kwa mwenye kuishi kwa gulio, siku moja iliyofutwa haina mshahara wa kuifidia. Mtu wa namna hiyo hufaidika na juma fupi la watumishi wa serikali kwa sharti moja tu: dirisha la forodha, la uhamiaji na la afya lisifungwe siku anayolihitaji.

Hapo ndipo suala hili linapowagusa walinzi wa nchi. Juma lina saa 168, na lindo halipungui hata saa moja. Lindo moja linalokaliwa na mtu mmoja usiku na mchana, likigawanywa kwa watu wawili wa zamu za saa 12, humpa kila mmoja saa 84 kwa juma. Likigawanywa kwa watu watatu, kila mmoja hupata saa 56 bila hata siku moja ya kupumzika. Kwa watu wanne hupata saa 42. Kwa hiyo malindo 10 huhitaji watu 20 katika mpango wa kwanza, 30 katika wa pili na 40 katika wa tatu. Na bado hawajahesabiwa walio likizo, walio wagonjwa, na walio mafunzoni. Juma la saa 40 kamili lingehitaji watu 42. Mkuu wa kituo hawezi kuiepuka hesabu hiyo kwa maneno mazuri. Akiwa na watu 20 na malindo 10, ama ataomba watu zaidi, ama atapunguza malindo, ama atakubali kwamba macho yanayolinda ni macho yaliyochoka.

Na macho yaliyochoka si jambo la kupuuzwa. Uchunguzi uliotolewa Australia mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono kama mtu aliyekunywa pombe kiasi cha kufikia kipimo ambacho nchi nyingi humkataza nacho dereva kuendesha gari. Akikesha saa 24 huwa kama mlevi kamili. Hakuna mkuu atakayempa bunduki askari anayenuka pombe na kumpeleka langoni. Lakini askari asiyelala hutumwa langoni bila mtu kushtuka, kwa kuwa uchovu hauna harufu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 walikufa duniani kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma.

Kwa upande mwingine, adui hatazami ratiba ya zamu, na kama aitazama, basi ni kwa ajili ya kutafuta mahali palipolegea. Watu wa Bwera hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Usiku wa Ijumaa tarehe 16 Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha katika Mpondwe ilishambuliwa, na wanafunzi wengi wakauawa. Katika mpaka wa namna hiyo hakuna atakayetaka ulinzi ufungwe mwisho wa juma. Lakini kutoka katika ukweli huo haitokei kwamba askari yule yule ndiye asimame siku zote. Kinachopasa kuendelea bila kukatika ni ulinzi. Mlinzi hana budi kupokezana. Jeshi na polisi walilijua jambo hili kabla ya viwanda kulijua, kwa maana zamu ni uvumbuzi wa kale wa walinzi wenyewe.

Yafaa pia kuonya juu ya njia moja ya mkato. Mahali pengine juma hufupishwa kwa kukusanya saa zile zile katika siku chache: saa 48 za siku sita hufanywa za siku nne, saa 12 kila siku. Mwenye ofisi iliyo mbali na nyumbani aweza kufurahia mpango huo. Lakini kwa mchimba madini, kwa dereva wa lori la saruji, na kwa askari wa doria ya usiku, saa za mwisho katika zamu ya saa 12 ndizo zenye hatari kubwa. Kwa hakika sheria ya Uganda, kwa kuweka mpaka wa saa 10 kwa siku, imekwisha kutambua hatari hiyo kwa wafanyakazi wa kawaida. Siku chache zilizojazwa uchovu si mapumziko.

Basi jibu la swali lililoulizwa haliwezi kuwa moja. Katika ofisi, juma fupi laweza kuwafaidi mwajiri na mtumishi pamoja, mradi kazi ipimwe kwa huduma iliyotolewa wala si kwa koti lililotundikwa kitini. Katika kiwanda na mgodi, laweza kulipa kwa usalama na ujuzi, mradi zamu ziongezwe na mtambo usilale. Kwa kibarua, litakuwa hasara mpaka ujira wake wa siku ulindwe. Kwa askari, swali la kwanza si siku nne wala tano; ni kama anapata ile siku moja ya kupumzika katika saba, na usingizi wa kutosha kati ya zamu na zamu.

Nchi nyingi za Afrika Mashariki zina sheria nzuri za saa 45 au 48 ambazo walinzi wa makampuni, watumishi wa nyumbani na vibarua wengi hawajawahi kuzionja. Kutafuta juma la siku nne kwa wachache, huku wengine wakifanya kazi siku saba, ni kupaka chokaa ghorofa ya juu ya nyumba ambayo msingi wake haujakauka. Hatua ya kwanza haihitaji sheria mpya. Yahitaji daftari la saa katika kila mahali pa kazi, mkaguzi wa kazi atakayelifungua, na kwa upande wa vikosi, ratiba ya zamu iliyoandikwa, inayojulikana kwa wote na kufuatwa na wakubwa kwa wadogo. Kiongozi anayeijua idadi ya malindo yake, idadi ya watu wake na saa alizolala kila mmoja wao, huyo amekwisha kufanya nusu ya kazi, naye atakuwa na hoja yenye nguvu siku atakapokwenda mbele ya wakubwa wake kuomba watu zaidi.